Nilitumiwa Tu

Mwezi uliopita nilienda kanisani Kawangware kwenye ibada ya kumuaga mkurugenzi wa shule yetu ya zamani, nikajuta kabla hata chai haijagawanywa. Mpwa wake alisimama akasoma wasifu wa marehemu, na katikati ya sifa za ukarimu na uchaji akatamka kwamba marehemu ndiye aliyekuwa wa kwanza katika mitaa yetu kuwafundisha watoto kutofautisha habari za kweli na za uongo zinazopita kwenye simu. Watu wakasema amina. Mama mmoja kando yangu akajipangusa machozi. Marehemu hasemwi vibaya, najua, lakini kutomsema vibaya ni jambo moja na kumvisha nguo za mwenzake ni jambo jingine. Somo lile nililianzisha mimi, na yeye ndiye aliyeniamuru nilifute ubaoni. Nilitoka nje nikasimama karibu na masufuria ya chakula, na hapo akanijia mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni, akicheka kabla hata ya kunisalimia. Alikuwa Mercy, mwanafunzi wangu wa darasa la saba wa miaka ile. "Ticha, umeskia hiyo mambo?" akaniuliza. "Mi nilikuwa karibu nisimame niwaulize, mliona ama mliambiwa?" Tulicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na ladha, na tangu siku hiyo mwaka ule umenikaa kooni.

Nilikuwa nimemaliza chuo juzijuzi na nimepanga chumba Kawangware, katika ploti ya Mama Shiro. Yeye na mumewe walikuwa wenyeji wa pale tangu zamani, wakati ambapo, kwa maneno yake, mahali pote palikuwa mahindi na vyura. Nyumba yake ya mawe ilikuwa mbele, na sisi wapangaji tulijibana nyuma yake kwenye vyumba vya mabati, na mfereji wetu mmoja uliotoka maji ulipojisikia. Alinipenda kwa sababu nilikuwa mwalimu na sikufungulia redio kelele. Jumapili baada ya kanisa aliniita sebuleni kwake, mahali palipojaa vitambaa vya kufuma, kitambaa juu ya kila kiti, juu ya televisheni, hata juu ya chupa ya chai, akanipakulia mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, na nyama ya mbuzi hadi nikashindwa kuinuka. Sijawahi kulishwa vizuri hivyo katika nyumba ya mtu asiye ndugu yangu. Tatizo lilikuwa simu. Ilikaa mezani, imeegemezwa kwenye Biblia, na kila ilipolia Mama Shiro aliacha kijiko, akasoma kwa sauti, kisha akasambaza kabla hajameza. Maji ya vitunguu yanaponya kisukari. Nyoka ameonekana ndani ya pakiti ya unga. Usipotuma ombi hili kwa wenzako utapata hasara wiki hii. Nilipomuuliza alijuaje kama ni kweli, alinitazama kwa huruma, kama ninavyomtazama mtoto wa nasari akiuliza jua hulala wapi. "Mwalimu, hii imetumwa na mama wa kanisa," alisema. "Yule hawezi danganya. Na hata wazee walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hiyo naichukia hadi leo. Waliotuachia walikuwa na hekima yao, sikatai, lakini sisi tumeigeuza mwavuli wa kufunikia uvivu wa kuuliza swali moja.

Shule yenyewe ilikuwa Gatwekera, ndani ya Kibera, ya udongo na mabati, nami nilitembea kwenda huko kila asubuhi. Mfadhili mmoja alikuwa ametuletea kompyuta zilizotumika, na mkurugenzi akaziweka ofisini chini ya turubai, akizitoa siku za wageni tu ili watoto wapigwe picha wakizitazama. Aliniambia nifundishe somo la kompyuta. Nilipomwomba ufunguo akaniambia nianze na nadharia. Basi nikaanza na kitu walichokuwa nacho, yaani simu za wazazi wao. Ijumaa mchana watoto walileta habari zilizokuwa zikizunguka nyumbani, wengine wamezikariri, wengine wamezinakili nyuma ya daftari, nasi tukazihoji kama askari anavyomhoji mshukiwa. Nani aliona kwa macho yake? Ilitokea wapi, na lini? Huyo aliyekutumia, yeye alipata kwa nani? Mercy, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, aliyafupisha yote kuwa "Uliona ama uliambiwa?" na kabla ya muhula kuisha hata watoto wa nasari walikuwa wakiulizana hivyo wakigombania kifuniko cha soda. Nilijivuna, na sioni haya kusema. Mkurugenzi alipita dirishani siku moja, akasikiliza, akasema, "Kazi nzuri, mwalimu, wageni watapenda hii," akaenda zake kutafuta chai.

Chai na kila kitu kingine kilipikwa na Mama Otis. Alikuwa mjane aliyetoka upande wa ziwa kama mimi, mwenye mikono mipana na leso ya manjano kichwani ambayo hakuivua kwa mvua wala jua. Jikoni kwake ndiko kulikokuwa na joto, kwa hiyo walimu wote tulijazana huko saa nne, mkurugenzi akiwa wa kwanza, kikombe mkononi, akiapa kwamba githeri ya Mama Otis, mahindi na maharagwe tu, inaweza kumwinua mgonjwa kitandani. Alikula mkononi mwa huyo mama kila siku ya kazi. Nataka hilo likumbukwe.

Gatwekera ina desturi yake ya mtoto aliyepotea. Vichochoro vinafanana, mtoto anafuata ngoma ya kanisa au mbuzi wa mtu, akigeuka hajui kwao ni wapi. Anayemwona hamuulizi mengi. Anamlisha, anampangusa kamasi, halafu anambeba hadi kwa Spika, jamaa aliyekuwa na mkokoteni na kipaza sauti upande wa Lindi, mtaa jirani humo humo Kibera, ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza sumu ya panya, matanga, na watoto waliopotea. Spika anatangaza, mama anakuja mbio, anamshukuru Mungu, anamchapa mtoto kidogo, basi. Sidhani kuna mtu wa pale ambaye hakupotea siku moja utotoni, au hakupotelewa. Basi asubuhi moja ya mvua Mama Otis alimkuta msichana mdogo akilia karibu na lango letu, akamwingiza jikoni, akampa uji. Nilikuwa hapo. Mimi ndiye niliyemshikia kikombe. Mvua ilipopungua akambeba kwenda Lindi, mtoto akipiga kelele njia nzima kwa sababu uji wake ulikuwa haujaisha. Jioni tulisikia kwamba Spika alitangaza na mamake, muuza mboga aliyeitwa Mama Blessing, akaja akamchukua na kumkumbatia Mama Otis mbele ya watu. Hakuna aliyezungumzia jambo hilo tena, kwa kuwa halikuwa jambo la kuzungumzia.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwa Mama Shiro, mdomo umejaa mukimo, aliponisukumia simu. "Ngai, ona shetani," alisema. Ilikuwa picha ya mwanamke kwa nyuma, anatembea kwenye tope, leso ya manjano kichwani, mtoto begani, na uso wa mtoto mtu ameufunika kwa ua jekundu la kubandika. Chini yake iliandikwa kwamba huyu ndiye anayeiba watoto Kibera kuwauza viungo, kwamba ana wenzake, na kwamba ukimwona usimwache.

"Mama Shiro, huyu ni mpishi wetu," nilimwambia. "Huyo mtoto alikuwa amepotea. Nilimpa uji na mkono wangu mwenyewe."

"Ati mpishi wa shule?" Alishika kifua. "Kumbe hapo ndio anawatoa!"

"Nakwambia nilikuwa hapo. Mtoto alirudi kwa mamake siku hiyo hiyo."

"Wewe ni msichana mzuri, mwalimu, huwezi ona ubaya ya watu. Hawa wanajuanga kujificha." Akaichukua simu yake, akavaa miwani, vidole vikaanza kuandika. Nilimuuliza anafanya nini. "Nawaambia imehakikishwa," akajibu bila kuinua macho. "Na mwalimu wa hiyo shule."

Nimesikia maneno mengi machafu maishani, mengine ya walevi, mengine ya ndugu kwa ndugu, lakini hakuna yaliyonichefua kama hayo yaliyosemwa kwa upole, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Ushahidi wangu mwenyewe aliutwaa mdomoni mwangu, akaugeuza, akautuma. Nilimwambia afute. Akasema hawezi kufundishwa na mpangaji namna ya kutumia simu yake. Niliiacha sahani yangu pale pale na sikuingia tena sebule ile hadi nilipohama.

Jumatatu nilipofika Gatwekera mambo yalikuwa yameshaharibika. Wanawake waliokuwa wakimwomba Mama Otis chumvi walikuwa wameng'oa mlango wake alfajiri ile na kumwaga maharagwe yake mtaroni, na vijana walikuwa wameshaanza kutafuta tairi la kumchomea. Mzee wa mtaa na Spika ndio waliomzingira wakamtoa hadi kambi ya chifu, akiwa na kiatu kimoja na jicho limefura. Huko aliambiwa akae kwa muumini mwenzake upande mwingine, asionekane. Chumba chake, kazi yake, njia ya kwenda mferejini, vyote vilikuwa vimefungwa mbele yake kwa siku moja. Walionitia kinyaa kuliko wote si wageni. Mgeni akiamini picha, nitamwelewa. Hawa walikuwa wamemwona miaka nenda miaka rudi akifagia hadi mlangoni kwao, na bado wakaamua kwamba simu inamjua kuliko wao. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alinishika mkono akaninong'oneza, akiwa na furaha ya mtu aliyepata umbea mtamu, "Si ndio sisi tulikuwa tunashangaa, mbona anapendanga watoto ya wenyewe hivyo?"

Darasani siku hiyo hakuna aliyeweza kutulia. "Ticha, si tuiulize," Mercy alisema. "Hiyo message. Tuiulize vile huwa tunauliza zile zingine." Sikuwa na wazo bora. Basi kila jioni baada ya masomo tuliufuata ujumbe kinyumenyume, mlango kwa mlango, mimi nikiwa nyuma ya watoto ili asitukanwe mtu. "Mama, samahani, hii ulitumiwa na nani?" Mtu alifungua simu, akatuonyesha jina, tukahamia mlango wa pili. Nilitumiwa tu, alisema fundi wa viatu. Nilitumiwa tu, alisema kinyozi. Nilitumiwa tu, alisema shemasi, akaongeza kwamba yeye aliweka hapo mwisho maneno ya maombi, basi. Ukisikiliza vizuri neno hilo "tu" utaona linavyonawa mikono. Safari ilitutoa Kibera, ikatufikisha hadi Kawangware kwa wale akina mama wa kanisa, ikaturudisha tena Gatwekera, na kila tulikofika tulikuta ujumbe mfupi kidogo kuliko wa mwanzo. Mercy aliandika jumbe zote ubaoni, wa mwisho juu, wa awali chini. Ungesoma kutoka chini ungeona jinsi binadamu anavyogeuzwa zimwi. Mtu mmoja alikuwa ameongeza kwamba mtoto si wake. Mwingine akatia neno mwizi. Mwingine akamwonea mtoto huruma akambandika ua usoni ili asiaibike, na nina hakika alilala akijiona amefanya wema. Mwingine akaleta viungo. Juu kabisa ilikuwa kazi ya Mama Shiro, imehakikishwa na mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyetunga uongo mzima. Walichanga, kila mtu kidogo, kama wanavyochangia harambee.

Na katikati ya ubao kulikuwa na jina ambalo Mercy aliliandika, kisha akabaki analitazama, chaki mkononi. Mama Blessing. Mama wa mtoto yule yule. Ujumbe ulimfikia ukiwa tayari na ua, hakuutambua mgongo wa Mama Otis wala mguu wa mwanawe uliokuwa unaning'inia, naye akaupeleka kwenye kundi la chama chao akiongeza, "Wamama tuchunge watoto wetu." Halafu mtoto mmoja akacheka, na mimi nikamwelewa, kwa sababu kulikuwa hakuna kitu kingine cha kufanya.

Chini kabisa, mwanzo wa yote, lilikuwa kundi la wazazi wa shule yetu na aliyetuma alikuwa mkurugenzi. Alipiga picha kutoka dirisha la ofisi yake. "Huyu mama anayebeba mtoto anayelia ni nani?" aliandika. "Wazazi tuwe macho. Shuleni kwetu watoto wako salama." Lilikuwa tangazo la biashara. Aliingia darasani tukiwa bado tumesimama, akausoma ubao wote polepole, akawatuma watoto nje.

"Mimi niliuliza swali tu," alisema. "Kuuliza ni makosa? Si ndio unawafundisha?"

"Hukumjua? Na unakula kwake kila siku?"

"Alikuwa amenipa mgongo. Mvua inanyesha."

"Basi waandikie wazazi ukweli. Leo."

"Niandike nini, mwalimu? Ati mkurugenzi ndiye aliitia mpishi wake watu? Kesho hawa watoto wote wako shule ingine. Hizi vitu hupoa zenyewe." Alikohoa. "Na nishapata mpishi mwingine. Wazazi hawawezi kubali yule arudi. Futa hiyo."

Nilimwekea kitambaa cha ubao mezani nikasimama. Alingoja, akaona sitaki, akakichukua mwenyewe, na akaanza na mstari wa chini. Mtu yule ndiye wanayemlilia sasa kama mtetezi wa ukweli, na nimejaribu kumhurumia, kifo ni kifo, lakini nikifumba macho namwona akisugua mstari ule mara mbili ili alama isibaki.

Alibaki Mama Blessing. Katika Kibera nzima ni yeye peke yake ambaye angeweza kumrudisha Mama Otis chumbani kwake, maana mwenye mtoto akisema hakuibiwa, mwingine atabisha nini? Nilienda na Mercy tukamkuta akikata sukuma wiki mlangoni. Mercy alimwonyesha picha kwenye simu yangu, akaweka kidole kwenye rinda la mtoto pale begani. Mama Blessing aliangusha kisu. "Woi! Si hii ni rinda ya Blessing! Si hii ndio siku alipotea!" Alilia kwa kweli, sitamsingizia, alijipiga paja na kuita jina la Yesu, akasema hata sasa hivi yuko tayari kwenda kusema mbele ya watu. Nilimshika mkono nikamwita dada. Nilidhani uchafu wote wa wiki zile umepata maji.

Asubuhi ya Jumamosi alisimama kando ya mkokoteni wa Spika, Blessing kiunoni, kipaza sauti mdomoni. "Mimi ndio mama ya mtoto," alisema. "Huyu mama hakuiba. Alipatia mtoto wangu uji akamleta hapa hapa. Tumemkosea." Spika aliusukuma mkokoteni hadi Gatwekera, naye Mama Blessing akayarudia maneno hayo kila kona. Watu walitikisa vichwa. Wengine walipiga makofi. Jirani wa ukuta kwa ukuta alisema yeye hakuwahi kuamini, na kijana mmoja wa wale wa tairi alikuja na nyundo akaurudisha mlango. Ndipo mzee wa mtaa akamleta Mama Otis, jicho limeanza kufunguka, leso mpya kichwani isiyokuwa ya manjano. Alisalimia kwa sauti ndogo. Blessing alimwona kabla ya mtu mwingine. Alimkumbuka vizuri sana. "Uji!" akapiga kelele, akajirusha kutoka kiunoni mwa mamake, mikono yote mbele, na Mama Otis akacheka kwa mara ya kwanza, akanyoosha mikono ampokee.

Mama Blessing aligeuka. Hakugeuka kwa ghafla. Alimhamisha mtoto kiuno cha pili, upande wangu, kama mtu anayebadilisha mkono uliochoka, akamfunga kwa leso akavuta fundo. Mtoto akaanza kulia.

"Najua ni yeye alinisaidia, ticha," aliniambia polepole, akijua Mama Otis anasikia. "Si mimi mwenyewe nimesema na kipaza sauti? Lakini na vile vitu zilisemwa... huwezi jua."

Nilitema mate chini, mbele ya watu, mwalimu mzima. Wale wengine wote nimewatafutia udhuru kwa miaka hii, kwamba hawakuwapo, kwamba hawakujua, kwamba mgongo hauna jina. Huyu alikuwapo. Alijua, akasema kwa kinywa chake kwamba anajua, na mkono wake ukaendelea kuvuta fundo la leso.

Mama Otis aliirudisha mikono yake, akaishika mbele ya tumbo kama mtu aliye kanisani. Alimtazama mtoto, hakumtazama mama. "Kuna baridi," alisema. "Mfunike kichwa." Kisha akaingia chumbani kwake kupitia mlango uliokuwa umetoka kupigiliwa misumari, na alipotoka alikuwa amebeba masufuria yake yote, akaishika njia ile ile aliyojia.